Kasiksi Isiyouzwa

Karuba, vilimani mwa Kongo ya mashariki, asubuhi haianzi kwa mwanga; inaanza kwa sauti. Kengele ya ng'ombe usiyemwona, kikohozi cha mtu anayepita kwenye njia ya juu, maji yakimiminwa ndani ya sufuria. Ukungu hulala juu ya vilima hadi jua lipande sana, na muda huo wote watu hutembea kana kwamba nusu yao bado iko kitandani. Mimi nilikuwa nafundisha Sake, mji ulio chini ya vilima. Kila likizo, njia ikiwa tulivu, nilipanda kwenda kwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, na karibu kila mara nilifika ndani ya ukungu huo. Sikuiona nyumba. Niliinusa: ndizi mbivu, mtama uliokaangwa, moshi wa kuni mbichi.

Shangazi alikuwa akitengeneza kasiksi, pombe ya ndizi. Acha nieleze kazi yenyewe, maana ni nzuri na haina siri. Ndizi zilitoka upande wa chini, kuelekea Sake, kwa sababu juu kwetu baridi huzikawiza. Zilifukiwa shimoni chini ya majani ya mgomba hadi zikaiva na kulainika. Kisha zilimenywa, zikawekwa ndani ya gogo lililochongwa kama mtumbwi, na shangazi akazikamua kwa mikono pamoja na nyasi kavu mpaka maji matamu yakaachana na makapi. Maji hayo yalichujwa, yakaongezwa maji ya chemchemi, yakatiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, yakarudishwa gogoni na kufunikwa vizuri karibu na jiko. Baada ya hapo ilibaki kazi moja tu, kusubiri. Nilipenda kulala kando ya lile gogo mchana wa baridi. Ukitega sikio ulisikia pombe ikichemka polepole bila moto, kama mtu anayesimulia jambo chini ya blanketi, na wewe unasinzia kabla hajafika mwisho.

Nyuma ya mlango kulikuwa na kitunga. Ndivyo tunavyoita kikapu huku kwetu. Mgeni aliingia, akasalimu, akapeleka mkono nyuma ya mlango bila kugeuza kichwa, akamimina kitungani maharage aliyoyabeba kwa kitambaa au kofia. Wakati huo shangazi alitazama moto. Ilikuwa adabu asione. Mgeni akishakaa, shangazi alichota kasiksi, akaonja yeye kwanza ili ijulikane kwamba haina ubaya, kisha akampa. Hakuna aliyetaja bei. Aliyeleta maharage mengi na aliyeleta kiganja kimoja walikunywa kikombe kilekile, na aliyekuja mikono mitupu wakati wa njaa alikunywa pia. Angeleta siku nyingine, au mke wake angeleta, au hapana.

Utauliza desturi hiyo ilitoka wapi. Twende polepole, nitakueleza nilivyoelezwa na shangazi, naye alisikia kwa mama yake.

Zamani za Wabelgiji, leta, yaani serikali, ilikuwa na macho makali juu ya pombe. Kutengeneza kasiksi ya harusi au ya kilio hakukuwa na shida kubwa, mradi chifu ajue. Kuuza ndiko kulikotaka ruhusa, na ruhusa ilikwenda kwa wachache, watu wa duka na paa la bati. Mwanamke wa kilimani hakuwa hata na mahali pa kusimama ili aombe. Basi bibi yangu, mama wa shangazi, alitii sheria kwa namna yake: hakuuza. Aliwapa wageni pombe, na wageni, kwa kuwa walikuwa watu wenye adabu, hawakuja mikono mitupu.

Leta hiyohiyo ilikuwa inachimba barabara ya kupita Masisi na kuendelea hadi misitu ya Walikale, na watu wa barabara walipaswa kula. Leta haikupika yenyewe. Ilimpa mfanyabiashara mmoja mzungu haki ya kuwaletea chakula, kwa bei waliyopatana wao wawili. Mzungu yule alihitaji maharage mengi, lakini wakulima hawakupenda kumpelekea, maana bei aliyowapangia ilimfurahisha yeye peke yake. Ila palikuwa na mahali pamoja ambapo maharage yalikusanyika bila kusukumwa na mtu, nyuma ya mlango wa bibi. Akaanza kutuma magunia kwake, akimpa chumvi na vitambaa. Unauona mzunguko wake? Pombe ambayo leta haikutaka iuzwe ndiyo iliyolisha barabara ya leta. Shangazi alikuwa akisema mama yake alifungwa mkono mmoja na leta, na kwa mkono wa pili akailisha.

Nimesema ya zamani ili ya karibuni yaeleweke.

Shangazi alikirithi kitunga hicho kwa mama yake. Alikuwa mjane na hakuwa na mtoto. Mumewe alipofariki, mashemeji waligawana shamba, wakamwachia nyumba na ua. Nilipomuuliza siku moja kama hilo halimchomi, alijibu huku akipepeta mtama, "Kitunga njo shamba yangu," yaani kitunga ndicho shamba langu. Ilikuwa kweli tupu. Maharage ya kitunga ndiyo aliyokula, na yaliyozidi aliyapeleka hospitali ya serikali, upande wa pili wa kilima, kwenye jiko la watoto waliodhoofika. Alikuwa mtu wao wa maharage. Mapatano hayo ndiyo yaliyompa sabuni, dawa ya kifua chake na bati lisilovuja. Mwaka ninaoukumbuka, hospitali ilimwambia kwa upole kwamba tangu msimu ule kila anayewaletea chakula lazima awe na patente. Patente ni karatasi inayomruhusu mtu kufanya biashara ndogo. Wabelgiji waliondoka, yenyewe ikabaki. Bila patente, maharage yake yangerudishwa langoni. Na bila hospitali, angebaki mwanamke mwenye nyumba tu, anayengoja kupewa.

Mtu wa patente, mtumishi wa leta anayetoa karatasi hizo, alikuja siku ya ukungu mzito. Alikuwa mwanaume wa makamo, viatu mkononi, suruali imekunjwa hadi magotini. Alikuwa mzaliwa wa Walikale, msituni kwenye joto, na baridi yetu ilimtetemesha meno kabla hajasalimu. Ndani walikuwa wamekaa majirani kadhaa, na miongoni mwao mzee mmoja mfuga mbuzi ambaye kila siku alikaa palepale karibu na mlango, na ambaye mdomo wake haukuwa na breki.

"Mama, unauzishaka pombe hapa?" mtu wa patente aliuliza.

"Hapana, Papa. Hapa hatuuzishake."

"Na hawa bantu?"

"Iko wageni."

"Kila siku wageni?"

"Mungu ananipenda."

Mzee wa mbuzi aliweka kikombe chake chini. "Papa, sisi tulikuja ku kilio," akasema kwa sauti ya huzuni.

"Nani amekufa?"

"Bado. Tunangoja."

Mgeni alicheka hata akasahau baridi. Akakaa. Shangazi akachota, akaonja, akampa, naye akakishika kikombe kwa mikono miwili kama mtu anayeota moto. Alikunywa nusu ndipo akasema, akitazama ndani ya kikombe, "Kwetu Walikale, malafu, ile pombe ya muchikichi, chini ya muti haiuzwe. Unamukuta mwenye kugema, unakunywa, unaenda. Ukiibeba mpaka ku barabara, njo inaanza kuuzwa."

"Basi hapa iko chini ya muti," shangazi alijibu.

"Babu yangu alichimba ile barabara, Mama."

"Basi babu yako alikula hiki kitunga. Weye uko mutoto wa nyumba."

Mtu yule alimaliza kikombe. "Mama, miye nakuelewa," akasema. "Leta njo haitaelewa."

Shangazi akamwambia agizo la hospitali, naye akaeleza vizuri, na mimi nilimpenda kwa kueleza kwake. Patente zilikuwa za namna mbili. Ya kuuza chakula ilimtaka mtu aonyeshe chakula kinatoka wapi, shamba lake au mahali anaponunua.

"Uko na shamba?"

"Hapana."

"Unanunuaka?"

"Hapana."

"Sasa maharagi inatoka wapi?"

Watu wote, hata mzee wa mbuzi, walikuwa wanatazama moto.

Ya pili ilikuwa ya pombe, na hiyo haikuwa na ugumu: nyumba, paa, na bei iandikwe mlangoni. Shangazi aliwaza muda mrefu, akigeuza kuni. Hospitali ilikuwa imesema patente, haikusema ya nini. "Patente iko patente," aliamua. "Unipatie ya pombe."

Bei niliiandika mimi, kwa chaki, juu ya kipande cha ubao wa zamani wa darasani: kikombe kikubwa hivi, kidogo hivi. Niliziandika herufi kama ninavyowafundisha watoto, zenye tumbo na mkia. Tukautundika ubao, na shangazi akausogeza kidogo ukae sawa.

Mzee wa mbuzi alikuwa wa kwanza kufika. Alisimama mbele ya ubao, akasoma kwa muda mrefu kuliko maneno yenyewe.

"Kumbe," alisema, "miaka yote hii nilikuwa nakunywa bei, na sikujua." Akaingia. "Mama, nikiweka maharagi, utanirudishia chenji?"

Tulicheka sote, na yeye pia. Lakini mkono wake uliokuwa umeanza kwenda nyuma ya mlango ulirudi, na kitambaa chenye maharage kikaingia mfukoni. Alilipa kwa noti iliyochakaa. Shangazi, kwa mazoea, aliendelea kutazama moto, na mzee akabaki ameinyoosha noti hewani, hajui aiweke wapi.

Ningependa ulielewe vizuri jambo lililofuata, kwa sababu mtu wa mbali angedhani ni ubahili. Penye bei, ukileta maharage unamwambia mwenye nyumba kwamba karatasi yake huiheshimu, au kwamba yeye ni mtu wa kusaidiwa. Watu wa Karuba hawakutaka kumwambia hivyo. Ni kwa heshima waliacha kuleta. Wenye faranga walikuja na faranga; wasiokuwa nazo walibaki nyumbani na aibu yao. Na waliolipa walianza kuwa na haki. Mmoja alitaka kikombe kijae hadi ukingoni. Mwingine alisema kasiksi ya leo ina maji. Wawili waligombana kwa sababu kikombe cha huyu kilikuwa kinene kuliko cha yule, vikombe ambavyo walikuwa wamevinywea tangu ujana wao. Kitu ulichopewa hukisemi, ulichokinunua unakigeuzageuza.

Utasema, si angenunua maharage kwa faranga za pombe? Alijaribu. Alienda nyumba kwa nyumba na gunia begani, na kila mlango ulimjibu kwamba maharage yameisha. Hayakuwa yameisha. Walishindwa kumuuzia. Ungemwambia bei gani mwanamke uliyemmiminia maharage maisha yako yote bila yeye kugeuka? Afadhali kusema huna.

Likizo ile naikumbuka kama usingizi wa mchana, ule ambao ukiamka hujui ni saa ngapi. Ukungu ulikuwa unaingia hadi ndani, unakaa kwenye viti vilivyobaki wazi. Kuku mmoja aligundua kitunga, akaingia, akataga. Shangazi alimtoa kwa upole, kesho yake kuku akarudi. Hospitali ilituma mtu kuuliza maharage yatafika lini. "Yatafika," shangazi alimwambia, na mtu huyo alipoondoka aliketi, mikono juu ya magoti, akitazama nyuma ya mlango, mahali ambapo kwa adabu hakuwahi kutazama.

Asubuhi moja alijifunga kitambaa kichwani, akateremka hadi ofisi, akarudi na mtu wa patente. Nilimsikia kabla sijamwona, maana alikuwa analalamika.

"Mama, karatasi ya pombe nilikupa. Ile ya chakula inaomba shamba. Shamba iko wapi?"

"Kuja nikuonyeshe," shangazi alisema.

Nilimsogelea nikamnong'oneza, "Shangazi, shamba gani?"

"Tutembee kwanza," alinijibu.

Tukatembea. Hatukuona zaidi ya urefu wa fimbo. Shamba la kwanza lilikuwa la mzee wa mbuzi, naye alikuwa ndani yake, ameinama, kofia tu ikionekana.

"Papa, hii shamba iko ya nani?" mtu wa patente aliuliza.

"Yangu."

"Na ya Mama iko wapi?"

Mzee alinyooka polepole. Alimtazama shangazi. Shangazi alikuwa anatazama chini, kama mtu aliyeona moto pale. Mzee akanitazama mimi, kisha akautazama ukungu.

"Mustari ule wa kando," akasema, akinyoosha kidole kwenye weupe ambamo hapakuonekana kitu. "Ule wa mwisho kabisa. Iko ya kitunga."

Tuliendelea. Kwenye ukungu sauti husafiri vizuri kuliko mtu, na nadhani maneno yetu yalitutangulia. Mama mmoja aliyekuwa anapalilia hakungoja hata aulizwe. "Ya Mama njo ile ya kando, karibu ya mufereji." Mwingine, mbele zaidi, aliita kutoka juu bila kujionyesha: "Na hapa pia. Mustari wa chini." Kila tulipopanda, sauti nyingine ilishuka kutupokea, ya mwanamke, ya mwanaume, moja ya mtu niliyedhani alihama zamani, na kila sauti ilitoa mstari mmoja. Niliona kana kwamba shamba linatengenezwa mbele ya miguu yetu, na kwamba tukisimama litasimama pia.

Mtu wa Walikale, anayejua mihogo na michikichi, aliinama mara kwa mara akashika majani.

"Hii njo maharagi?"

"Hiyo iko viazi, Papa."

"Na hii?"

"Hiyo iko majani tu. Mbuzi anakulaka."

Mwishowe alikaa juu ya jiwe, akapangusa miguu yake kwa nyasi. Hakuwa mjinga. Mpaka leo sijui aliamini nini. Sijui pia kama mistari ile ilikuwepo kabla ya asubuhi hiyo, wala hakuna aliyewahi kuniambia.

"Mama," alisema, "shamba yako iko ndefu."

"Iko ndefu, Papa. Lakini iko nyembamba."

"Na pombe?"

"Pombe hatuuzishake."

Akacheka kidogo, bila sauti, akafungua mfuko wake, akatoa karatasi ya chakula. Siku hiyohiyo niliuteremsha ubao wa bei, nikaufuta kwa kiganja.

Sitakudanganya kwamba kitunga kilijaa kesho yake. Watu walirudi kidogokidogo, wakijikohoza mlangoni kama wageni kweli, na maharage yao mengi yalikuwa yameshaliwa. Shangazi alipeleka hospitali sehemu tu ya alichoahidi. Sehemu nyingine waliinunua mahali pengine, na mama wa jiko alimwambia waziwazi kwamba msimu ujao wangependa apeleke yote. Jina lake hawakulifuta. Alirudi kwa miguu, amechoka, na kwa mara ya kwanza nilimwona akiwa na hofu. Kipande cha mwaka kilikuwa kimempita, na msimu uliofuata ulitegemea maneno yaliyosemwa na watu ndani ya ukungu.

Nilikuwepo pia wakati wa kupanda. Mvua ilikuwa imeanza, udongo umelainika, na shangazi alikuwa anachuja kasiksi mlango ukiwa wazi. Mzee wa mbuzi alikuja, hakuingia. Alisimama uani, jembe begani.

"Mama, kuja," alisema.

"Wapi?"

"Ku mustari wako. Nilisema uongo mbele ya leta, na miye iko muzee, naweza kufa wakati wowote. Kuja uupande, uuondoe kwangu."

"Si ulisema iko mustari wa mwisho kabisa?"

"Njo ule. Nimekuachia."

Shangazi alinawa mikono. Alichukua mbegu ndani ya kitambaa, akamfuata, nami nikawafuata wote wawili. Ukingoni mwa shamba palikuwa pamelimwa ukanda mmoja, mweusi, haujatiwa kitu. Shangazi aliinama akaanza, mbegu na hatua, mbegu na hatua, polepole kama mtu anayekumbuka kazi aliyoizoea zamani. Kabla hajamaliza, mama wa karibu na mfereji alikuwa tayari anamwita kutoka kwake, kwamba mvua haimngojei mtu, na aliyekuwa juu akaita pia. Shangazi aliingia kwenye ukungu kuelekea sauti hizo. Nilimsikia tu, mbali kidogo, akiuliza kwa sauti ya mwenye shamba, "Ya kwangu inaanzia wapi?"